Nywila ya Mama, na kompyuta iliyojifanya inajua

Desemba nilipokwenda Tanga kumsalimia Mama, nilifanya kosa ambalo kila anayesifiwa ukooni kwa "kujua kompyuta" huja kulifanya siku moja. Mama alilalamika kwamba kila akiwasha mashine inamdai pini, na pini anazo za kutosha: ya benki, ya laini, ya pesa za kwenye simu. "Na hii ipo hapahapa mezani kwangu. Nani ataiiba humu ndani?"

Nikaona ana hoja. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika netplwiz, dirisha la Windows la kusimamia akaunti za watumiaji, nikatoa tiki kwenye kisanduku kinachowalazimu watumiaji kuandika jina na nywila, nikajaza nywila yake mara mbili, kwisha kazi. Nikarudi Dar nikijiona bingwa.

Machi simu ikaita. "Mwanangu, kompyuta imenifungia nje. Inasema nywila si sahihi, na mimi sijaandika nywila yoyote!"

Sijasikia mtu akilieleza tatizo hili vizuri zaidi. Netplwiz haiondoi nywila. Inaihifadhi ndani, kisha kila asubuhi kompyuta inaiandika kwa niaba yako. Akaunti ya Mama ilikuwa ya Microsoft, ile inayofungamana na barua pepe, na mjukuu wake alikuwa amemsaidia kubadili nywila kwenye simu. Kompyuta haikuwa na habari. Inapokosa intaneti, hupima nywila kwa kumbukumbu yake yenyewe, na Mama bando hununua kwa msimu, kwa hiyo ile ya zamani iliendelea kupita siku kadhaa bila mtu kushtuka. Ilipopata mtandao na kugundua mabadiliko, ikagoma.

Fundi wa mtaani alishafika kabla yangu na ushauri wake: ipigwe windo upya, yaani Windows ifutwe na kuwekwa tena. Mle ndani mna hesabu za kikoba za miaka mitatu! Nikamwomba Mama amshukuru, ampe nauli, na asimruhusu kugusa kitu.

Dawa haikuwa kubwa. Tulibadili nywila upya kwa simu, safari hii akaiandika kwenye daftari. Kisha nikamwelekeza kwenye alama ndogo ya mtandao, chini kulia kwenye skrini ileile ya kuingia. Wengi hawajui kwamba unaweza kuunganisha intaneti hata kabla hujaingia. Akawasha hotspot ya simu yake, akaandika nywila mpya, mlango ukafunguka. Dakika arobaini, kumi kati ya hizo tukitafuta miwani.

Tangu hapo nimebadili msimamo. Video zinazofundisha kompyuta iingie yenyewe ni nyingi, na nyingine zinakupeleka moja kwa moja kwenye rejistri, ghala la mipangilio ya ndani ya Windows, uandike AutoAdminLogon na DefaultPassword. Hiyo ya pili inaiacha nywila yako waziwazi, herufi kwa herufi, isomwe na yeyote aliyeketi hapo. Netplwiz ina afadhali kwa sababu inaificha, ingawa mwenye mamlaka ya usimamizi kwenye mashine hiyo anaweza kuichomoa. Nayo ina mtego wake: inataka nywila, si pini. Ukiipa pini inapokea kimya, kisha ukiwasha tena ndipo inakuumbua. Na kama kile kisanduku hukioni kabisa, usikimbilie rejistri. Mara nyingi kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya njia za kuingia, kuna swichi inayoruhusu Windows Hello peke yake, yaani kuingia kwa pini, uso au alama ya kidole. Izime, fungua netplwiz upya.

Lakini kwa kompyuta ya mezani isiyotoka nyumbani, ninachoshauri siku hizi ni akaunti ya ndani ya mashine, isiyofungamana na barua pepe, na isiyo na nywila kabisa. Ndiyo, kabisa. Wenzangu wa kazini walinicheka. Hebu tuangalie: kwa kawaida yake, Windows haimruhusu mtu kuingia kwa mtandao kwenye akaunti isiyo na nywila. Lazima aje aketi mbele ya kibodi. Na huyo wa kuketi mbele ya kibodi, kompyuta inayoingia yenyewe nayo haimzuii. Tofauti ni kwamba kwenye ile ya pili kuna nywila iliyofichwa, na nywila hiyo ndiyo ufunguo wa barua pepe na mafaili yote ya mtandaoni. Kwa nini uiweke chini ya zulia wakati mlango uko wazi?

Laptopu inayopanda daladala ni habari nyingine. Hiyo iwe na pini, hakuna mjadala.

Nilipokwenda tena Tanga nilianza kwa kunakili ufunguo wa kufungulia diski, ule wa tarakimu 48, kwenye daftari la Mama. Diski ikiwa imefungwa kwa usimbaji na ufunguo huo umepotea, hata huyo fundi hatakuokolea faili. Kisha nikaihamisha akaunti yake iwe ya ndani, nywila nikaiacha tupu. Nikatengeneza ya mjukuu, na ya tatu ya usimamizi yenye nywila ndefu niliyonayo mimi. Ya Mama nikaishusha iwe ya kawaida, kwa sababu usimamizi usio na nywila ungempa mjukuu ruhusa ya kila kitu kwa kubofya tu.

Sasa ikiwaka inaonyesha majina, Mama anabofya lake, anaendelea na kikoba. Gharama ni kwamba mafaili yake hayajinakili tena mtandaoni, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi anayapakia kwenye flashi anayoiweka kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Mjukuu ndiye asiyefurahi. Kila akitaka kusakinisha gemu lazima anipigie, na mpaka leo keshanipigia mara nne.