Jamani, Mnaopaki Mbele ya Kontena la Taka!

Hivi ndugu zangu, Kariakoo yote hiyo, lazima gari lako lilale mbele ya kontena la taka? Lori langu la kulabu halichukui kontena kwa ubavu! Narudi nyuma nimenyooka, kulabu inashika chuma cha mbele, ndipo mkono wa lori unalivuta mgongoni. Wewe umeacha upenyo wa bajaji, umepandisha vioo, umetokomea! Napiga honi mpaka muuza mihogo ananiomba radhi kwa niaba yako.

Halafu ndani ya kontena sasa! Chini kifusi cha ukuta mzima, juu maganda ya ndizi ya kufichia. Nani alikwambia lile ni la kifusi? Mkono ukinyanyua, tairi za mbele zinataka kupaa. Mwingine kamwaga jivu lenye moto, moshi unanifuata hadi dampo la Pugu Kinyamwezi! Na turubai nalifungaje wakati magodoro yananing'inia nje? Likidondoka moja barabarani, trafiki anamsimamisha nani? Wewe uliyejaza?

Madereva wenzangu wa makontena, hebu semeni, au nateseka peke yangu?