Mashine ya kupumulia inapolia, muuguzi aanzie wapi?

Aprili 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba hospitali za umma za nchi 41 za Afrika hazifikishi kwa pamoja mashine za kupumulia 2,000 zinazofanya kazi, mjadala ulihamia kwenye kuhesabu mashine, na kwa wengi haujatoka huko. Anayependekeza wauguzi wa dharura wafanye mazoezi ya kuigiza, kwa mwanasesere aliyeunganishwa na mashine, hujibiwa kwamba fedha hizo zinunue oksijeni na kuajiri watu, maana zamu yenye wauguzi wawili haina wa kumtoa akacheze na mdoli.

Upungufu wa watu ni wa kweli. Neno "kucheza" ndilo linalopotosha. Mashine inapopiga kengele ya shinikizo kubwa na oksijeni katika damu ya mgonjwa inaporomoka kutoka asilimia 95 hadi 80, chanzo kinaweza kuwa bomba la hewa la kooni lililohama, makohozi yaliyoliziba, hewa iliyovujia nje ya pafu, au mashine yenyewe. Muuguzi hutakiwa amtoe mgonjwa kwenye mashine, ampe hewa kwa mfuko wa Ambu, ule wa kuminya kwa mkono, na azingatie kiganja chake: mfuko ukikaza, tatizo liko kwa mgonjwa au kwenye bomba, ukiminyika kwa wepesi na kifua kikainuka, mashine ndiyo ya kushukiwa. Mkazo huo haufundishiki ubaoni. Asiyewahi kuuhisi huishia kubonyeza kitufe cha kunyamazisha kengele, na simlaumu.

Wenye shaka wana ushahidi mzito kuliko huo wa fedha, ingawa hawautaji sana. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wahudumu walipewa kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Mbele ya mwanasesere walifanya vizuri zaidi, lakini utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba mbele ya watoto halisi utendaji haukubadilika. Habari ingeishia hapo, ningekuwa upande wao. Hospitali hiyo hiyo ikaleta mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini, na vifo vya ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Ulinganisho ulikuwa wa kabla na baada, hivyo hauondoi kila sababu nyingine, na mfuko wa mtoto mchanga ni chombo rahisi kuliko mashine yenye skrini. Hata hivyo, kilichobadilika zaidi ni ratiba.

Kwa hiyo semina ya hotelini, yenye posho na cheti, hainishawishi. Dakika 10 wakati wa kukabidhiana zamu, mashine ile ile ya idara, pafu la mpira la majaribio, na mwenzako anayebana bomba kwa siri ili kengele ilie, vinatosha kuanzia. Pingamizi moja linabaki gumu: idara yenye mashine moja, nayo iko kwa mgonjwa wiki nzima, itafanyia zoezi wapi? Labda ianze na mfuko wa Ambu peke yake.