Uongo wa Ngazi za Rangi Uliotungwa Mwambaoni Mwetu

Umoja wa Mataifa umetenga miaka ya 2025 hadi 2034 kuwa Muongo wa Pili wa Kimataifa wa Watu wenye Asili ya Afrika, na hapa Mwanza bado sijamsikia mtu akiuzungumzia. Wengi wetu tunaamini kwamba ubaguzi dhidi ya watu weusi ni msiba wa ndugu zetu walioko Marekani, Brazili na Ulaya, ambao sisi tunautolea rambirambi kwa mbali, kama tulivyofanya George Floyd alipouawa na polisi Minneapolis mwaka 2020. Naipinga imani hiyo, kwa sababu sehemu ya uongo uliotumika kuwapanga watu weusi katika ngazi za ubora na udhalili ilitungwa kwenye mwambao huu wa Ziwa Victoria tunaoishi.

John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza, alilifikia ziwa hapa Mwanza mwezi Agosti 1858, na ghuba iliyo kaskazini mashariki mwa jiji inaitwa kwa jina lake hadi leo. Shuleni tulisoma habari zake pamoja na chanzo cha Mto Nile, lakini hatukusoma alichoandika kuhusu wenyeji. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863, aliwahesabu Waafrika kuwa uzao wa Hamu, mwana wa Nuhu katika Biblia, uliolaaniwa uwe mtumwa wa wengine. Kisha, baada ya kukuta Karagwe na Buganda falme zenye utaratibu ambao laana hiyo haikuweza kuueleza, akadai kwamba watawala wake walitokana na wageni kutoka Uhabeshi (Ethiopia ya leo) waliokuwa bora kuliko raia wao. Ushahidi wake ulikuwa hasa maumbo ya watu. Huko Karagwe, katika makao ya Mfalme Rumanyika, alichukua utepe akampima mwanamke wa nyumba ya kifalme mkono, kifua na paja, na vipimo hivyo akavichapa kitabuni ili Waingereza wavisome. Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba mtu aliyemtegemea safarini, Sidi Mubarak Bombay, alikuwa Myao aliyetekwa angali mtoto na kuuzwa India, ambako vizazi vya Waafrika kama yeye wapo mpaka sasa na bado wanadharauliwa kwa rangi yao.

Nadharia hiyo haikubaki kitabuni. Wakoloni waliifanya msingi wa utawala, na kuanzia mwaka 1933 Wabelgiji wakawaandikisha Wanyarwanda na kuwapa vitambulisho vilivyotaja Mhutu, Mtutsi au Mtwa, huku wataalamu wao wakipima pua na mafuvu. Wanasiasa waliokuja baadaye waliigeuza tu: aliyesifiwa kuwa mgeni bora akawa mgeni wa kufukuzwa. Mwezi Novemba 1992 Léon Mugesera, mwanasiasa wa Rwanda, aliuambia mkutano wa hadhara kwamba Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Maji ya Nyabarongo huingia Kagera, na Kagera humwaga katika ziwa letu. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, miili ilishuka kwa njia hiyohiyo, maelfu kwa maelfu, na wavuvi wa Kasensero, upande wa Uganda, ndio walioitoa majini na kuizika, wakati watu wa mwambao wakiogopa kula samaki. Uongo ulioandikwa na mtu aliyepita hapa ulirudi hapa ukiwa maiti.

Hata baada ya hayo yote, bado tunayasema maneno yaleyale. Kivuko kikichelewa Kamanga, atatokea abiria wa kusema, "Ngozi nyeusi ndivyo tulivyo," na wenzake wataitikia kwa vichwa. Binti akisifiwa, husifiwa kwa weupe na pua nyembamba, eti kama Mnyarwanda. Anayesema hivyo hana nia mbaya, nalijua hilo, ila anapima kwa utepe wa Speke, na mtoto aliye kando yake anajifunza mahali pake katika ngazi.

Tanzania ilijiunga mwaka 1972 na Mkataba wa Kimataifa wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi wa Rangi, na ibara ya 7 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama kupambana na chuki hizo kwa njia ya elimu, utamaduni na habari. Katiba yetu nayo inakataza ubaguzi, lakini sheria hukamata tendo, na wazo linaloliotesha tendo hubaki darasani bila kuguswa. Kwa hiyo naomba somo la Historia ya Tanzania na Maadili lifundishe safari ya Speke nzima: kuanzia Mwanza, kupitia Karagwe, hadi vitambulisho vya Rwanda na makaburi ya Kasensero, na jina la Bombay litajwe kila linapotajwa la Speke. Kazi hiyo ingeweza kuanzia Chuo cha Ualimu Butimba, kwa sababu mwalimu anayesomea pale yuko jirani na ziwa, na anaweza kuwapeleka wanafunzi wake ufukweni wakasome pale kurasa zilizoandikwa juu ya babu zao, kisha wazijibu kwa maandishi yao wenyewe.