Modeli za mishipa ya uvimbe: mchoro mzuri, damu haijulikani
Uvimbe wa saratani usio na mishipa yake ya damu hukwama ukifikia takriban milimita 1 hadi 2, kwa kuwa oksijeni haipenyi mbali ndani ya tishu: maikromita 100 hadi 200 tu kutoka kwenye mshipa. Mwaka 1971 daktari mpasuaji Judah Folkman alijenga hoja kwamba uvimbe huita mishipa mipya, na kwamba ukiizuia utaunyima chakula. Wanahisabati hawakukaa mbali.

Kuotesha mishipa kwenye kompyuta wamekuweza. Katika modeli ya Anderson na Chaplain ya 1998, seli ya ncha ya mshipa hukaa kwenye gridi. Kila hatua hubaki ilipo au husogea upande mmoja, na uwezekano wa kila upande huongozwa hasa na kemikali inayotoka kwenye uvimbe. Ncha zikikutana, huungana kuwa kitanzi. Mtandao unaopatikana hufanana na wa maabara, lakini kufanana kwa umbo hakuthibitishi kwamba damu inapita.

Ugumu upo hapo. Kwa kanuni ya Poiseuille, inayoeleza majimaji yanavyopita kwenye bomba, mtiririko hufuata kipeo cha nne cha nusu kipenyo cha mshipa: ukizidisha kipimo hicho kwa asilimia 10 kimakosa, mtiririko unaokokotoa unazidi kwa asilimia 46. Picha ya hadubini huonyesha umbo, haionyeshi shinikizo kwenye mishipa iliyokatwa pembezoni mwa picha, basi shinikizo hilo hukisiwa. Tena kwenye njia panda, seli nyekundu hazigawanyiki sawa. Tawi lenye kasi hujichukulia zaidi ya fungu lake, na jingine laweza kubaki na karibu plazima tupu, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli. Mshipa upo, oksijeni hakuna.

Je, tuzitupe modeli hizi? La. Mwaka 1989 watafiti Baxter na Jain, kwa modeli sahili mno ya uvimbe wa duara wenye mishipa inayovuja, walitabiri kwamba shinikizo la majimaji ya tishu litakuwa juu katikati na kushuka ghafla ukingoni. Mwaka uliofuata likapimwa ndani ya uvimbe wa wanyama, likaonekana hivyo. Ndiyo maana dawa husukumwa nje badala ya kuzama ndani. Modeli hiyo haikuchora hata tawi moja, nami naipa uzito kuliko mitandao mingi ya rangi.

Kwa mgonjwa mmoja mmoja bado ni mapema. Bevacizumab, dawa ya kuzuia mishipa, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa, pamoja na tibakemikali. Idhini yake kwa saratani ya matiti ikafutwa mwaka 2011. Modeli inayodai kuchagua ratiba ya dawa za namna hiyo ibadilishiwe kwanza shinikizo la pembezoni na vipenyo ndani ya kiwango cha makosa ya upimaji. Ratiba bora ikigeuka, basi ilichaguliwa na makisio.