Seva ikizimwa, nani anasubiri?

Seva inayokaa bure bado inakula umeme. Mwaka 2007, Luiz André Barroso na Urs Hölzle wa Google waliandika kwamba seva nyingi hushinda kati ya asilimia 10 na 50 ya uwezo wake, na kwamba hata iliyo nzuri kwa umeme hula karibu nusu ya kiwango chake cha juu bila kufanya lolote la maana. Prosesa zimejirekebisha tangu hapo, ila feni na kumbukumbu hazijui kulala vizuri hivyo.

Ndiyo maana watu wanakusanya mashine pepe (kompyuta za kiprogramu, ambazo kadhaa huishi ndani ya seva moja) kwenye seva chache. Tuseme una seva 10, kila moja ina mzigo wa asilimia 15, na seva hula wati 150 ikiwa bure na wati 300 ikibanwa. Zote pamoja zinakula kama wati 1,725. Kusanya mzigo huo kwenye seva 3, kila moja ibebe asilimia 50, zima 7: unabaki na wati 675. Na joto linapungua, kwa hiyo viyoyozi navyo vinapumua.

Hesabu tamu. Lakini ile asilimia 15 ni wastani tu. Mashine pepe zikianza kuhifadhi nakala za data zote saa sita kamili usiku, wastani hauokoi mtu. Ingia kwenye mashine pepe ya Linux iliyo juu ya KVM (programu inayoendesha mashine pepe), andika amri ya top, tazama namba iliyo kando ya "st". Huo ni muda ambao mashine yako ilikuwa tayari kufanya kazi ila prosesa imepewa jirani. Ikifika asilimia 20, watumiaji wanalalamika na mtengeneza programu anatafuta kosa ambalo halimo kwenye programu yake.

Kuhamisha nako si bure. Mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 64 itachukua si chini ya sekunde 51 kwenye mtandao wa gigabiti 10 kwa sekunde, na kurasa (vipande vya kumbukumbu) zinazoandikwa upya wakati huo inabidi zinakiliwe tena. Seva uliyoizima nayo huchukua dakika kadhaa kuwaka, wakati mzigo umeshafika mlangoni.

Na kupunguza kasi ya prosesa ili kuokoa umeme? Kwa ripoti za usiku, sawa kabisa. Kwa malipo ambayo mtu anayasubiri, hapana.

Mimi niko upande wa kukusanya, ila kwa kupima vilele vya mzigo, si wastani, na kuacha seva moja ya akiba ikiwaka. Anayelipa bili ya umeme ataiona hiyo ya akiba kama hasara. Anayepigiwa simu usiku haoni hivyo, na mara nyingi hawa wawili hawakai ofisi moja. Kabla hawajaanza kuvutana, watawanye zile nakala za saa sita: moja saa sita, nyingine saa sita na nusu, nyingine saa saba. Pengine seva 3 zitatosha.