Shilingi saba za mama mboga

Watu wakihesabu yaliyobadilishwa na korona katika uchumi wa mitaani, hutaja kwanza hoteli zilizofungwa Pwani na makarani waliohamishia kazi sebuleni. Mimi nataka kusema juu ya jambo dogo kuliko hayo, ambalo Wakenya tunalifanya kutwa kucha bila kulifikiria: kulipia nyanya, mahamri, bodaboda na kibarua kwa simu. Korona ndiyo iliyotufikisha hapo, na gharama yake naona tumemtwika mtu asiyestahili kuibeba.

Tukumbuke ilivyokuwa. Machi 13, 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta alituomba tupunguze kushikana noti na sarafu, na Benki Kuu ikakubaliana na kampuni za simu kwamba kutuma pesa hadi shilingi 1,000 kuwe bure. Kiwango cha kutuma kwa mara moja kikapandishwa kutoka 70,000 hadi 150,000. Ada za kuhamisha pesa kati ya benki na simu zikaondolewa pia. Unafuu wa kutuma bure ulipangwa kuwa wa miezi mitatu, kisha ukaongezwa hadi mwisho wa mwaka.

Kwetu Mombasa hali ilikuwa nzito zaidi. Kuanzia Aprili hadi Julai hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka kaunti, na mwezi wa Mei Mji wa Kale wenyewe ukafungwa. Kafyu ilimpiga sana muuza chakula, kwa sababu biashara ya mahamri na mbaazi ni ya alfajiri, na ya mishikaki na viazi karai ni ya usiku. Wateja wa mjini walipopotea, kina mama wengi waliteremsha meza zao hadi kwenye baraza za nyumba zao. Ukitaka mahamri unapiga simu, unatuma pesa, mtoto wa jirani anakuletea mlangoni. Kabla ya hapo simu ilikuwa ya karo, ya kumtumia mzee kijijini na ya dharura ya hospitali. Fungu la mchicha lililipiwa kwa sarafu, na ukitaka kulilipia kwa simu unatazamwa. Ndani ya miezi michache utazamaji huo uliisha. Fundi wa mjengo akawa analipa vibarua wake kwa simu jioni, na serikali nayo ikawalipa vijana wa Kazi Mtaani, mpango wake wa kuwapa vibarua mitaani, kwa njia hiyo hiyo, shilingi 455 kwa siku katika awamu ya pili.

Januari 2021 ada zikarudi. Kilichobaki bure ni kutuma shilingi 100 kushuka chini. Lakini mazoea hayakurudi nyuma, na hapo ndipo penye uzito wa hoja yangu. Mapato ya M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu ya kampuni ya Safaricom, katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2020 yalikuwa takriban shilingi bilioni 84. Mwaka wa korona yalishuka kidogo, yakawa kama bilioni 83. Mwaka uliofuata yakaruka hadi karibu bilioni 108. Sisemi kampuni ilipanga hivyo tangu mwanzo. Ilikubali hasara wakati wa shida na inastahili shukrani kwa hilo. Ninachosema ni kwamba miezi ile ya bure iliyaleta sokoni mamilioni ya malipo madogo madogo ambayo hayakuwepo, kisha yakaanza kutozwa.

Nani anatozwa zaidi? Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, kutuma shilingi 150 kunagharimu shilingi 7. Hiyo ni karibu asilimia 5 ya bei ya mboga. Mwenye kutuma 50,000 hulipa 108, yaani asilimia 0.2. Kwa hiyo anayenunua mboga ya siku moja hutozwa, kwa kila shilingi, zaidi ya mara 20 ya anayelipa kodi ya nyumba nzuri Nyali. Na mwenye kutuma 250,000 hulipa 108 ile ile.

Mtu atasema shilingi 7 ni za mnunuzi. Kaa karibu na kibanda usikie. Mnunuzi huomba apunguziwe "ya kutuma", na mama akitaka kumhifadhi mteja huongeza nyanya moja au mbili. Jioni akienda kutoa pesa yake ya mtaji, kwani alfajiri anahitaji noti mkononi pale soko la Kongowea maana lori la viazi halingoji, hukatwa shilingi 29 kwa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500. Kibarua wa mjengo naye akilipwa kwa simu bila kuongezewa "ya kutoa", ujira wake umepungua kabla hajanunua unga. Kabla ya 2020 alipewa noti yake nzima. Mabadiliko haya ya kazini hayajaandikwa katika mkataba wowote, na sijasikia chama cha wafanyakazi kikiyasimamia.

Najua jibu la watetezi: achukue nambari ya biashara ya Lipa na M-Pesa, mteja halipi kitu, na muuzaji hukatwa asilimia 0.55 tu kwa malipo yanayozidi shilingi 200. Ni kweli, na wengi wamechukua. Wengine wamejiunga na Pochi la Biashara, huduma nyingine ya M-Pesa ambako mteja hawezi kuirudisha pesa kirahisi, hasa kwa sababu ya wale wateja wanaolipa, wakikata kona wanaomba pesa irudishwe. Lakini bado ipo hofu ya kuonekana na mamlaka ya ushuru, na siwezi kumlaumu mwenye hofu hiyo. Kodi ya mauzo ya biashara ndogo ilishushwa kutoka asilimia 3 hadi 1 mwezi Aprili 2020 ili kuwaokoa, kisha ikarudishwa 3 mwaka 2023. Ni kodi ya mauzo, si ya faida. Mwenye kuuza mboga za shilingi 3,500 kwa siku, siku sita kwa wiki, anavuka milioni moja kwa mwaka na kuingia humo, hata kama faida yake haifiki robo ya hizo.

Serikali nayo imo ndani ya zile shilingi 7. Ushuru wa bidhaa kwenye ada za kutuma pesa ulikuwa asilimia 10 mwaka 2013, ukawa 12 mwaka 2018, na 15 mwaka 2023. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka ufike 20, na ni vijana waliojaa barabarani mwezi Juni waliofanya mswada ule uondolewe. Karibu shilingi moja katika kila saba ni ya Hazina.

Hakuna sheria ya maumbile inayosema lazima iwe hivi. Brazili ilianzisha Pix, mfumo wake wa malipo ya papo hapo, Novemba 2020, katikati ya korona ile ile, chini ya benki kuu yake, na mtu binafsi hutuma pesa bure, leo na kesho. India ilifuta makato ya wauzaji kwenye malipo ya UPI, mfumo wake wa kulipa kwa simu, tangu Januari 2020. Huko nako muuza matunda analipwa kwa simu, na anabaki na bei aliyoitaja.

Tulikwisha kuona Kenya kwamba shilingi 1,000 kushuka chini inaweza kutumwa bure kwa miezi tisa na mtandao usizimike. Nataka Benki Kuu irudishe kiwango hicho, cha kudumu, na pengo lizibwe na wanaotuma makumi ya maelfu kwa kulipa kulingana na wanachotuma. Na Mswada wa Fedha unaofuata ukifika bungeni, wabunge waanze kwa kuondoa ushuru kwenye ada ya malipo yasiyofika shilingi 1,000. Kina mama wa baraza za Mji wa Kale walilisha mtaa wakati barabara zimefungwa. Hilo la ushuru halihitaji kamati wala utafiti mpya.