Usimwite mvivu mtu aliyekatazwa kufanya kazi

Nimeisikia tena ile kauli, safari hii kutoka kwa mtu ninayemheshimu: "Hawa Wapalestina wanalishwa na Umoja wa Mataifa tangu 1950, watajitegemea lini?" Wenzetu kadhaa wakatikisa kichwa kukubali. Imenikera, na sitainyamazia.

Lebanon ndiko kauli hiyo inakoanguka kabisa. Mpalestina aliyezaliwa Ain al-Hilweh, kambi iliyo pembeni ya mji wa Saida, ambaye hata baba yake alizaliwa humo humo, si raia. Anaweza kusomea udaktari au sheria na kufaulu kuliko wenzake wote, lakini taaluma hizo zimefungwa kwake. Tangu 2001 sheria inamzuia hata kununua nyumba. Mwaka 2010 sheria ya kazi ililegezwa kidogo, milango ya taaluma hizo ikabaki vilevile. Kinachobaki ni vibarua: kubeba zege, kuchuma matunda, kazi ya siku isiyo na mkataba. Uchumi wa Lebanon ulipoporomoka kuanzia 2019, hata vibarua vikaadimika. Mtu huyo akipokea vijisenti vya UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa linalowahudumia wakimbizi wa Kipalestina, unataka ajitegemee kwa kitu gani?

Sasa tazama Jordan. Wapalestina wengi wa huko wana uraia, na wengi wao wanafanya kazi, wanafanya biashara, wanasomesha watoto. Wenye hali mbaya zaidi ni wale waliotoka Gaza mwaka 1967 wakapiga mahema Jerash. Hawakupewa uraia, na wajukuu wao hawana namba ya taifa mpaka leo. Watu ni walewale, msiba ni uleule, ila sheria iliyowapokea ni tofauti. Waliofunguliwa mlango walipita. Hoja ya uvivu inaingilia wapi hapo?

Halafu watu wanadhani kila mkimbizi anapewa. Walioandikishwa ni takriban milioni 5.9, na msaada wa kujikimu unawalenga walio hoi zaidi: mjane mwenye watoto wadogo, mzee asiye na wa kumtunza, nyumba yenye mtu mwenye ulemavu. Huko Jordan, Lebanon na Ukingo wa Magharibi vyakula vilibadilishwa mwaka 2016 kuwa fedha kwenye kadi, na mimi naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote, kwa sababu mama anajua mwenyewe kama wiki hii nyumbani panahitajika unga au dawa. Gaza ni habari nyingine, na nitaiandikia peke yake.

Wasomaji wa Kigoma na Turkana watanielewa upesi. Mkimbizi wa Nyarugusu hatoki kambini bila kibali, mgao wa WFP, Mpango wa Chakula Duniani, ukipunguzwa hana shamba la kukimbilia, kisha anatokea mtu anasema amezoea vya bure. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Kinachoniumiza zaidi ni chanzo cha fedha za UNRWA. Karibu zote ni michango ya hiari. Mwaka 2018 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, iliamua kuacha kutoa. Ikarudi 2021. Januari 2024, baada ya Israel kuwatuhumu wafanyakazi kadhaa wa UNRWA kushiriki shambulio la Hamas la 7 Oktoba 2023 dhidi yake, Marekani na nchi nyingine zaidi ya kumi zikasimamisha fedha. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulisema tisa huenda walihusika, na ajira zao zikakatishwa. Sawa, aliyeshiriki mauaji awajibike, sibishani na hilo. Lakini shirika lina wafanyakazi wapatao 30,000 katika maeneo matano, na bibi wa Jerash hakuajiri hata mmoja wao. Kwa nini chakula chake kiwe fimbo ya kuwachapia wengine?

Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa huongeza muda wa UNRWA kila baada ya miaka michache kwa kura nyingi sana, zikiwemo za mataifa mengi ya Afrika. Nataka kura hiyo iambatane na fedha: msaada wa wajane, wazee na wenye ulemavu uingizwe kwenye bajeti ya kawaida ya Umoja wa Mataifa, ile ambayo kila nchi mwanachama inalazimika kuichangia. Wabunge wetu waulizwe kama wawakilishi wetu kule New York watalidai hilo muda huo utakapojadiliwa tena.